Pima kwanza, nunua baadaye: pikipiki kuukuu za Mara na gharama ya kubahatisha

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Mvua ya usiku ikikatika alfajiri, vijiwe vingi vya bodaboda mjini Musoma huanza siku kwa sauti ileile: kiki inapigwa, injini haiitikii. Pikipiki iliyozimwa jana jioni ikiwa nzima leo imegoma. Ukibonyeza selfu, mota inazunguka lakini injini haishiki. Dereva anaisukuma kwa fundi, na kuanzia hapo mambo hufuata mkondo unaojulikana. Plagi inabadilishwa, haiwaki. CDI, kifaa cha kuratibu cheche, inanunuliwa, inawaka, halafu inakata moto kabla ya kufika Makutano. Koili inanunuliwa. Mwishowe mtu anaifungua swichi ya kuzimia injini pale kwenye usukani, anakuta imeingia maji, anaikausha, na pikipiki inanguruma. Spea tatu zimelipiwa. Kosa lilikuwa moja, na halikuwamo katika hata moja ya spea hizo.

Tatizo hili ni la Bunda na Butiama pia, na ni zito kuliko usumbufu wa asubuhi moja. Hoja ya makala haya ni kwamba pikipiki kuukuu hugoma kuwaka mara kwa mara kwa sababu kazi ya kulitafuta kosa haijapewa bei, haijapewa kifaa, na wachache wameisomea. Fundi analipwa kwa kufunga, muuzaji analipwa kwa kuuza, na dereva anawalipa wote wawili. Anayelipwa kwa kujua kosa liko wapi hayupo. Mpaka kazi hiyo ipate mwenyewe, tutaendelea kununua vifaa vipya ili kuponya makosa tusiyoyajua.

Mashine iliyoundwa ikarabatike

Pikipiki nyingi za kazi zinazozunguka mkoani Mara zina ukoo wa karibu. Honda ilipoitoa CG125 mwaka 1976, wahandisi wake waliilenga kwa nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito, hupita barabara mbovu na hucheleweshewa oili. Waliuacha mnyororo mdogo wa kuendeshea valvu uliokuwa kwenye CB125, wakarudi kwenye fito za kusukuma valvu, mfumo wa zamani ulio mgumu kuharibika. Viwanda vya China vikauiga muundo huo kwa wingi, na pikipiki nyingi zilizoenea Tanzania kwa majina kama Sanlg, Toyo na Fekon zilibeba injini za ukoo huo. Baadaye zikaja Boxer za Bajaj na TVS kutoka India, zikatawala vijiwe.

Mwaka 2010 zilitungwa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, na bodaboda ikatambuliwa rasmi kuwa biashara ya kubeba abiria, kwanza chini ya mamlaka ya usafiri, SUMATRA, na tangu 2019 chini ya mrithi wake, LATRA. Pikipiki zilizoingia barabarani wakati huo sasa zina umri wa miaka 15 hivi. Nyingine ni kongwe zaidi: Yamaha, Honda na Suzuki zilizokuwa za mabwana shamba, mapadri na miradi ya maendeleo, ambazo baadhi bado zinatumia platini badala ya CDI, na umeme wa volti 6. Zote hizi bado zinafanya kazi. Zinapeleka wajawazito zahanati, zinabeba dagaa kutoka Mwigobero, zinafikisha mbegu na dawa za pamba kwa wakulima wa Bunda, zinawatoa wagonjwa vijijini kuwaleta kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kwangwa. Moja ikigoma saa nane usiku huko Busegwe au Kibara, anayepata hasara kwanza ni yule aliyekuwa akisubiri kubebwa.

Uzee wenyewe haujazifanya mashine hizi kuwa fumbo. Mfumo wake wa umeme una njia mbili tu. Njia ya kwanza huzalisha cheche: koili ya magneti, CDI, koili ya plagi, waya wake na plagi yenyewe. Njia ya pili hushughulikia betri: koili nyingine za magneti, regulata, betri, fyuzi, selfu, honi na taa. Katika pikipiki nyingi za ukoo wa CG, njia ya cheche hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye magneti, hivyo betri ikifa kabisa bado injini itawaka kwa kiki. Zipo nyingine ambazo CDI yake hutegemea betri, na hizo betri ikifa hugoma kwa selfu na kwa kiki pia. Fundi anayeijua tofauti hii, na aina ya pikipiki iliyo mbele yake, huuliza swali moja kabla ya kushika spana: imegomea selfu tu, au na kiki? Jibu lake linapunguza nusu ya mahali pa kutafuta, na halimgharimu mtu hata senti.

> Fundi analipwa kwa kufunga, muuzaji analipwa kwa kuuza. Anayelipwa kwa kujua kosa liko wapi hayupo.

Dalili moja, miji mitatu

Ubaya wa kubahatisha huonekana wazi mtu akilinganisha mazingira ya kazi katika maeneo haya matatu. Dalili ni moja, selfu haina nguvu asubuhi, lakini kisababishi cha kwanza cha kushukiwa hubadilika kulingana na mahali.

Musoma ni mji uliojipenyeza ziwani. Safari za bodaboda kati ya Bweri, Nyasho, Makoko na katikati ya mji ni fupi, na selfu hubonyezwa kila abiria anaposhuka na mwingine kupanda. Koili za magneti huzalisha umeme kidogo injini ikiwa inasubiri au inakwenda polepole. Taa ya mbele ya wati 35 peke yake hula karibu ampea 3, na betri nyingi za pikipiki hizi hazina zaidi ya ampea-saa 5 hadi 7. Kwa hesabu hiyo, taa hiyo ikiwashwa bila chaji ya kutosha inaweza kuimaliza betri ya ampea-saa 5 kwa muda usiofika saa mbili. Dereva akiongeza chaja ya simu, taa za mapambo, redio na alamu, matumizi huzidi mapato. Betri inayokaa nusu tupu kwa wiki kadhaa hujenga ukoko wa salfeti kwenye sahani zake, na ukoko huo ukikomaa hakuna chaji inayourudisha uhai wa awali. Ongeza unyevu wa ziwa na tabia ya kuosha pikipiki kwa maji mengi, na viungio vya nyaya huota kutu ya kijani inayozuia umeme. Kwa pikipiki ya mjini, basi, mtu aanze na betri, vituo vyake, swichi na viungio.

Bunda iko kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari. Dereva anayefukuza lami huzungusha injini juu kwa muda mrefu, na magneti humpa umeme mwingi. Hapo chaji haipungui. Hatari ni kuzidi. Kazi ya regulata ni kuuzuia umeme usivuke kiwango, na ikichoka, volti hupanda, maji ya betri hukauka na balbu huungua mfululizo. Dereva akibadilisha betri ya pili au ya tatu ndani ya mwaka mmoja, kauli ya haraka ni kwamba betri zote ni feki. Huenda ni kweli, lakini kipimo cha nusu dakika kingeonyesha kama kinachoziua ni kifaa kidogo chenye mapezi ya kupooza kilichofungwa kwenye fremu, ambacho hakuna aliyekigusa.

Butiama na vijiji vyake, Kiabakari, Buhemba na kwingineko, vina njia nyingi za vumbi, mawe na vilima. Mtikisiko ndio adui wa kwanza wa nyaya. Waya hukatikia ndani ya ngozi yake, hasa pale unapopita shingoni mwa usukani, na bolti ya ethi inayounganisha betri na fremu hulegea bila kuonekana. Matokeo yake ni kosa linalokuja na kuondoka: pikipiki inawaka ikiwa imesimama, inazima kwenye kona. Kosa la namna hii ndilo linalouza spea nyingi kuliko yote, kwa sababu kila kinachobadilishwa huonekana kimeponya mpaka kona inayofuata. Kulipima ni rahisi: usukani uzungushwe taratibu kulia na kushoto huku taa na cheche vikiangaliwa, kisha mashada ya nyaya yavutwe moja baada ya jingine.

Mgawanyo huu hausemi kwamba Bunda hakuna nyaya zilizokatika au kwamba Musoma regulata haziungui. Ni mahali pa kuanzia tu. Kuna pia jambo linaloyahusu maeneo yote matatu. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyopangwa kwa ukanda wa chini huku hutoa petroli nyingi kuliko hewa hiyo inavyohitaji, na plagi hujaa masizi. Plagi nyeusi ikitolewa, lawama huangukia umeme, wakati dawa yake inaweza kuwa kupunguza mafuta au kusafisha kichujio cha hewa kilichoziba vumbi.

Kosa hutafutwa kwa mpangilio

Kutafuta kosa kuna mpangilio, na nguvu yake ni kuanza na kisicho na gharama na kumalizia na chenye gharama kubwa. Kwanza ni vitu vya kuangalia kwa macho na mikono: petroli ipo na koki imefunguliwa, swichi ya kuzimia iko mahali pake, gia iko nyutro, fyuzi haijakatika, vituo vya betri havijalegea. Petroli ya chupa iliyonunuliwa njiani, hasa msimu wa masika, ichunguzwe kama imechanganyika na maji, kwa kumwaga kidogo kutoka chini ya kabureta kwenye chombo cha kuona. Maji hukaa chini, petroli hukaa juu.

Pili ni plagi. Ikitolewa baada ya kupiga kiki mara kadhaa ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki, na hakuna sababu ya kugusa umeme. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika ila hayawaki, na hapo ndipo cheche zipimwe. Plagi irudishwe kwenye kofia yake, chuma chake kigusishwe kwenye injini mbali na tundu lilipotoka, kwa kuwa mvuke wa petroli hushika moto, kisha kiki ipigwe. Cheche ya buluu yenye mlio mkali ni nzuri. Cheche ya njano na legelege ni ya kutiliwa shaka hata kama inaonekana, kwa sababu ndani ya silinda hewa imebanwa na cheche inahitaji nguvu kubwa zaidi kuruka. Pengo la plagi kwa nyingi za pikipiki hizi ni milimita 0.6 hadi 0.7, pengo likitanuka kwa uchakavu, cheche iliyokuwa ikitosha inakuwa haitoshi. Kwa pikipiki ya platini, pengo la platini huwa milimita 0.3 hadi 0.4, na nyuso zake zikiungua au kondensa ikifa, cheche hufifia vilevile.

Tatu, kama hakuna cheche kabisa, swichi iondolewe kwenye mashaka kabla ya kifaa chochote kununuliwa. Katika pikipiki ambazo CDI yake inalishwa na magneti, swichi ya funguo na ya kuzimia huua injini kwa kuupeleka umeme kwenye ethi. Waya wa kuzimia ukichomolewa kwenye CDI na cheche ikarudi, CDI ni nzima, koili ni nzima, magneti ni nzima. Kosa liko kwenye swichi au kwenye waya wake. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote, na ndicho kingeiokoa pikipiki ya alfajiri ya mvua.

Nne ndiyo multimita. Ukinzani wa koili ya magneti inayolisha CDI kwa kawaida huwa mamia kadhaa ya omu. Koili ya plagi upande wa kuingilia huwa na omu chache au pungufu ya moja, na upande wa kutokea huwa na maelfu. Kila aina ya pikipiki ina viwango vyake, lakini kosa kubwa hujitangaza: mita isiposoma kabisa, waya ndani umekatika, ikisoma sufuri mahali pa mamia, kuna shoti. CDI yenyewe haipimiki kwa uhakika kwa multimita ya kawaida. Kwa hiyo hukumu yake hutolewa mwisho, baada ya kila kinachoilisha na kila inachokilisha kuthibitishwa kuwa kizima.

> CDI inapaswa kuhukumiwa mwisho. Gereji nyingi huihukumu kwanza, kwa kuwa ni rahisi kuichomoa na kuchomeka nyingine.

Upande wa betri nao una namba zake, na zinafaa kuandikwa ukutani katika kila gereji. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12, imekwisha chaji. Selfu ikibonyezwa na volti zikaporomoka chini ya 10, betri ni dhaifu au mota ya selfu imekaza. Zikibaki juu ya 12 na mota haizunguki, umeme haufiki, na vya kushukiwa ni rilei, kaboni za selfu au ethi. Injini ikiwaka na kuongezwa mwendo, volti kwenye betri zinapaswa kupanda mpaka kati ya 13.5 na 14.5. Zisipopanda, hakuna chaji. Zikipita 15, regulata imeshindwa. Vipimo vitatu, kifaa kimoja, dakika chache. Hakuna jicho wala sikio, hata la fundi bingwa, linaloweza kutofautisha volti 14.4 na 15.6, lakini tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama betri mpya itadumu miaka au wiki.

Nani hulipia kubahatisha

Kama njia ni rahisi hivi, kwa nini haifuatwi? Tuangalie maslahi ya kila upande. Dereva wa hesabu hutakiwa kumpelekea tajiri, yaani mwenye pikipiki, kiasi maalumu kila siku. Kwa mfano tu, hesabu ikiwa Sh10,000, pikipiki ikilala gereji siku mbili anadaiwa Sh20,000 kabla hajanunua spea yoyote. Dereva wa mkataba, anayelipa mpaka pikipiki iwe yake, yuko katika shinikizo hilohilo. Mtu wa namna hiyo anataka pikipiki iwake sasa hivi, na fundi anayesema "niache nipime kwanza" huonekana anamchelewesha.

Fundi naye ana hesabu zake. Mteja hukubali kulipia kitu anachokishika mkononi. Akipima kwa nusu saa na kukuta waya uliokatika, ataambiwa kazi ilikuwa ndogo, alipwe kidogo. Akibadilisha CDI kwa dakika tano, hakuna atakayebisha bei. Muuzaji wa spea kwa upande wake huweka sharti kwamba vifaa vya umeme vikishafungwa havirudishwi, na ana sababu ya haki: kifaa kilichochomekwa kwenye pikipiki yenye shoti kinaweza kuungua papo hapo. Kila mmoja anafanya kinachomfaa, na jumla ya uamuzi wao ni kwamba hatari yote ya kukosea inabebwa na mwenye kipato kidogo kuliko wote. Wahenga walisema kupotea njia ndiyo kujua njia. Katika gereji, anayejifunza njia ni fundi, na nauli ya kupotea hulipwa na dereva.

Gharama nyingine haionekani kwenye daftari. Fyuzi inayokatika mara kwa mara hubadilishwa kwa kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na shoti iliyokuwa ikikata fyuzi sasa inachoma wayaringi yote chini ya tangi la petroli. Chaji dhaifu isipotibiwa, dereva huzima taa ya mbele usiku ili betri imbebe hadi nyumbani. Sheria ya Usalama Barabarani inadai taa, na barabara ya Bunda usiku hupita malori na mabasi. Pikipiki isiyo na taa hapo ni ajali inayosubiri saa yake.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema uzoefu unatosha, kwamba fundi wa miaka 20 hahitaji mita kujua betri imekufa. Uzoefu ni mali, na hakuna kitabu kinachoweza kuchukua nafasi yake. Lakini fikiria homa. Kwa miaka mingi, katika ukanda huu wa ziwa wenye malaria, waganga wenye uzoefu mkubwa walikuwa wakitibu karibu kila homa kama malaria, na mara nyingi walikosea, kwa kuwa magonjwa mengi huja kwa sura moja. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe, na leo kipimo cha haraka kinapatikana hadi zahanati za vijijini. Waganga hawakudharauliwa, walipewa kifaa cha kuthibitisha walichokuwa wakikishuku. Fundi pikipiki anastahili heshima hiyohiyo.

Hoja ya pili ni kwamba spea ni rahisi, na kubadilisha ndiyo kupima. Sehemu ya hoja hii ni kweli. Kuweka kwa muda kifaa kinachojulikana kuwa kizima ni kipimo halali, na kwa CDI mara nyingi ndicho pekee kinachowezekana gereji. Lakini kifaa kipya cha dukani hakijulikani kuwa kizima. Kikiwa feki, kitamfanya fundi aamini kosa liko kwingine, na msako mzima upotee. Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani zina wajibu wa kusafisha soko, na hilo lidaiwe bila kuchoka. Hata hivyo, hata spea orijino kabisa haiwezi kuponya kosa lililo mahali pengine. Regulata iliyoungua itaua betri halisi kama inavyoua ya bandia.

Wengine husema hakuna muda, na multimita ni ghali. Multimita ya kawaida haizidi sana bei ya spea moja ya umeme, na huduma yake ni ya miaka. Kuhusu muda, mpangilio ulioelezwa hapo juu huchukua dakika, wakati safari mbili tatu za kwenda dukani na kurudi humaliza asubuhi nzima. Waliobaki husema dawa ni kuachana na pikipiki kuukuu, au kungoja za umeme. Pikipiki mpya ni nzuri kwa anayeimudu, lakini baada ya miaka michache ya njia za Buhemba nayo itakuwa kuukuu. Ya umeme haina kabureta wala kiki ya kujaribia bahati; kila kosa lake ni la kupimwa. Fundi asiyezoea multimita leo hatakuwa na la kufanya siku hiyo itakapofika.

> Regulata iliyoungua itaua betri halisi kama inavyoua ya bandia.

Kazi ipewe bei yake

Hatua ya kwanza iko mikononi mwa vijiwe vyenyewe. Madereva wana vyama na wana desturi ya kuchangiana kwenye misiba na ajali. Mchango wa kununua multimita moja ya kijiwe, ikikaa kwa fundi waliyemchagua, ni mdogo kwa kila mtu. Pamoja na kifaa hicho wakubaliane ada ya kupima, inayolipwa hata kama kosa litakuwa waya mmoja. Ada hiyo ndiyo itakayobadilisha tabia, kwa sababu itamlipa fundi kwa kupata ukweli. Kwa sasa kipato chake kinakua kadiri anavyokosea, na hilo halimfai hata yeye mwenyewe, kwani mteja aliyeibiwa na bahati hubadili fundi.

Matajiri nao wana nafasi. Mkataba unaosema hesabu ni kiasi gani bila kusema nani analipia betri, regulata au wayaringi unaacha ugomvi ukisubiri. Daftari moja la kila pikipiki, lenye tarehe, volti zilizosomwa na kifaa kilichobadilishwa, lingeonyesha haraka kama betri zinakufa mfululizo, na lingemlinda mmiliki dhidi ya spea hewa na dereva dhidi ya lawama. Wenye maduka ya spea nao wanaweza kulegeza sharti lao kwa mteja anayekuja na vipimo vilivyoandikwa na fundi anayejulikana. Wangepoteza mauzo machache ya kubahatisha na kupata wateja wanaowaamini.

Upande wa mafunzo, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina chuo mkoani Mara, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, ambao hutathminiwa na kupewa vyeti bila kurudi darasani kwa miaka. Utaratibu huo ni fursa kubwa kwa mafundi pikipiki, na mtihani wake ungefaa kumwekea kila mtahiniwa pikipiki yenye kosa lililofichwa, alitafute kwa mpangilio na aeleze kila kipimo kilimwambia nini. Fundi atakayelipata kwa kubadilisha vifaa mpaka iwake asihesabiwe kuwa amefaulu. Chuo kinaweza pia kuwafikia mafundi wa Bunda na Butiama kwa mafunzo ya siku chache karibu na vijiwe, kwa kuwa fundi anayekula kwa kazi ya siku hawezi kufunga gereji mwezi mzima kufuata somo Musoma.

Hakuna kati ya haya kinachosubiri bajeti kubwa wala sheria mpya. Dereva anaweza kuanza kesho, kwa kumwambia fundi maneno machache kabla hajampa fedha ya spea: nionyeshe kipimo. Fundi mwenye kipimo atakionyesha kwa fahari na alipwe kwa hilo. Asiye nacho atajua kwamba wateja wa Mara wameanza kulipia majibu, na atakitafuta.